Kitanda Nunua Popote, Paa Mpe Fundi wa Makunduchi

Kuna kauli imekuwa kama uradi kwa kila mwenye kiwanja Makunduchi, kusini mwa Unguja, anayeishi mjini, Dar es Salaam au Maskati. Ukimuuliza nyumba imefika wapi, atakujibu: "Kuta zimesimama, sasa natafuta fundi wa kupaua kutoka mjini. Wale wa kule si wa kazi hiyo." Hasemi kwa chuki. Anasema kama mtu anayekuarifu kwamba leo ni Alkhamisi, na waliokaa barazani wanatikisa vichwa kumkubali. Kwa hukumu hii, seremala wa kijijini ni wa kitanda, mlango wa choo, meza ya chuo cha Kurani na banda la mbuzi. Mifupa ya nyumba, yaani nguzo, boriti, kenchi na papi, iletwe na mtu wa mbali. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mimi ni mtoto wa Makunduchi, na kauli hii niliwahi kuiamini kwa pesa zangu mwenyewe. Leo nasema imegeuzwa juu chini. Kama ni lazima kugawa kazi za mbao kati ya fundi wa mbali na fundi wa jirani, basi kitanda nunua popote upendapo. Paa mpe wa jirani.

Simtetei fundi wetu kwa huruma. Wapo wanaosema tumpe kazi kwa sababu ni wetu, kwa sababu ana watoto, kwa sababu hela ibaki kusini. Hoja hiyo siitaki, na nadhani inamdhalilisha kuliko hata hoja ya wanaomkataa. Sadaka ina mlango wake. Paa ni kitu kinachokaa juu ya kichwa cha mama yako usiku wa masika, na hapo hakuna nafasi ya kuoneana haya.

Hoja yangu iko kwenye kazi yenyewe. Kitanda kikiwa kibovu utajua usiku wa kwanza: kitalia, kitayumba, asubuhi unakirudisha. Kazi ya mifupa haiko hivyo. Ikimalizika leo, kesho bati limeifunika kwa juu na dari imeifunika kwa chini. Kosa lililofanywa kwenye kiungo cha kenchi linakaa gizani mwaka, miwili, mitano, likisubiri mvua na upepo. Kwa hiyo unapomwajiri fundi wa kupaua hununui siku nne za nyundo peke yake. Unanunua mtu atakayekuwepo kosa litakapojitokeza, na ambaye anajua, wakati anapigilia, kwamba atakuwepo. Sifa hiyo haiji kwa gari kutoka mjini.

Niseme yaliyonikuta. Nilipompaulia mama nyumba, nilileta kundi la mjini. Walikuja watu wanne na gari yao, mashine yao ya kukatia, na simu zinazolia kila dakika. Siku nne kazi imekwisha. Nilijiona mjanja, na jirani mmoja aliyepita akaniambia, "Hapo umejenga, bwana." Masika ya pili paa likaanza kupiga kelele usiku. Ya tatu, kofia ikabonyea juu ya ukumbi, ukisimama barabarani unaona mgongo wa nyumba umeingia ndani kama wa punda mzee. Nikampigia mkubwa wa kundi. Mara ya kwanza alisema yuko Pemba. Mara ya pili simu ikaita hadi ikachoka. Baadaye haikupatikana tena.

Ndipo mama, bila kunishauri, akamwita fundi wa mtaa wa pili, mzee niliyemwona kwa miaka yote akiranda miguu ya meza chini ya mwembe. Alipanda darini na tochi mdomoni. Alikaa huko muda mrefu, akashuka, akajipangusa vumbi la mchwa, akasema: "Mwanangu, hili paa limekaa kwa uzito wake tu."

"Vipi, ami?"

"Halikufungwa na ukuta. Akija mtu mwenye nguvu akalinyanyua, linanyanyuka."

Alisema kweli. Ubao wa kulalia kenchi ulikuwa umelazwa juu ya linta bila waya wala nondo ya kuushika. Ubao wa chini wa kenchi mbili ulikuwa umeungwa katikati, palepale penye mvuto mkubwa, kwa kipande kifupi cha kubandika upande mmoja. Misumari ilikuwa ya kawaida, isiyopakwa zinki, na hewa ya chumvi ilikwishaifanya ikawa myembamba kama vijiti vya kiberiti.

Sasa msomaji asinielewe vibaya. Yule mkubwa wa kundi hakuwa mjinga. Kwa wepesi wa mkono pengine anamshinda mzee wetu mara mbili, na sina shaka nyumba yake mwenyewe ameifunga barabara. Alichokosa ni sababu ya kuiogopa masika ya tatu. Itakapofika, yeye atakuwa Pemba.

Wanaoamini kwamba ufundi wa mifupa ya mbao ni elimu ngeni kwa watu wa mwambao wamesahau haraka sana. Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, vyumba vyake vingi ni vyembamba na virefu, upana wa mita mbili na nusu au tatu hivi. Wageni huambiwa ni mtindo wa Kiarabu. Ukweli ulio wazi zaidi ni kwamba huo ndio urefu wa boriti ya mkoko inayoweza kubeba dari ya mawe na chokaa bila kupinda. Boriti ndiyo iliyomwambia mwashi mahali pa kuweka ukuta. Na boriti hizo hazikuishia kwetu. Zilihesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, zikapangwa kwa unene na majina yake, fito, pau, mazio, boriti, zikapakiwa majahazini kwenda Ghuba, ambako mti ni adimu. Mwaka 1939 baharia Mwaustralia Alan Villiers alikuwa ndani ya jahazi la Kuwait lililoingia mikokoni Rufiji kuchukua shehena hiyo hiyo. Basi wewe uliyeko Maskati unayetuandikia kwamba kusini hakuna mtu wa kujua mti, waulize wenyeji wako wazee dari za nyumba za babu zao zilikuwa za nini.

Huo ni mji na bandari, utaniambia. Makunduchi ni mawe na minazi. Sawa, tuje Makunduchi.

Fundi wa pwani yetu amekulia kwenye vitu viwili ambavyo mtu wa mjini havioni. Kimoja ni ngalawa. Gogo la mwembe linachongwa kwa tezo, linatiwa matengo, linatoka nje ya mwamba alfajiri likiwa na watu juu yake. Kiungo cha ngalawa kikilegea, hakuna dari ya kukificha. Nimewauliza mara nyingi jamaa zangu swali hili na sijajibiwa: mtu ambaye baba yako alimkabidhi roho yake nje ya mwamba kwa miaka thelathini, unashindwaje kumkabidhi mbao za mbili kwa nne juu ya ukuta?

Kingine ni kamba. Mapaa ya zamani ya kusini hayakupigiliwa, yalifungwa. Makombamoyo, pau na fito vilishikwa kwa kamba ya usumba, ile ambayo wanawake wa pwani hii wanaifukia makumbi yake mchangani hadi yalainike, kisha wanayatwanga na kuyasokota. Kiungo cha kamba kinakubali kuyumba kikarudi. Na kuti lenyewe linapumua, upepo unapenya. Tulipohamia kwenye bati tulibadilisha zaidi ya sura ya nyumba. Bati halipenyeki. Upepo ukipita juu yake unalinyonya kwenda juu, na ukiingia chini ya ukingo unalisukuma vilevile kwenda juu. Adui mkubwa wa paa la makuti alikuwa uzito wa maji na moto. Adui mkubwa wa paa la bati ni kunyanyuliwa. Kijana aliyefunzwa kupigilia tu hulitazama paa kama mzigo unaoshuka, basi anajali nguzo na kusahau kufunga. Aliyeanza na kamba mkono wake unatafuta cha kufungia kabla hajaambiwa.

Na upepo si hadithi kwetu. Upande wetu unaupokea kusi uso kwa uso, kuanzia Aprili hadi Septemba, hauna kisiwa wala kilima cha kuuvunja. Aprili 1872 dhoruba iliipiga Unguja ikavunja vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu kwa mashamba mazima. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitua Mafia, na siku zile kila mwenye bati mwambao mzima alilala akisikiliza. Sisemi kwamba fundi wa Makunduchi amesoma hesabu za kimbunga. Nasema anajua nyumba yako inatazama wapi, ukuta upi hupigwa kwanza, na mnazi upi utaangukia jikoni. Wa mjini anashuka kwenye gari saa nne asubuhi, anapima urefu na upana, na kwake pande nne za nyumba ni sawa.

Hapa wapinzani wangu hunitolea silaha yao kubwa: mapaa mabovu ya kijijini. Wananitajia nyumba tatu, nne, ambazo mafundi wa huko huko walizipaua na zimebonyea. Ni kweli zipo. Nimeziangalia mbili kwa macho yangu, nikamwuliza kila mwenye nyumba mbao alizipata wapi. Wote wawili walinunua wenyewe, mjini, kwa bei ya chini, msonobari mbichi ulioshuka bandarini ukitoka Bara ungali na maji. Mbao mbichi ikikaushwa na jua ikiwa tayari imepigiliwa, inajikunja itakavyo na kuung'oa msumari wake yenyewe. Wote wawili waliambiwa imetiwa dawa. Ukikata ncha ya ubao wa namna hiyo unaona kijani kimeishia juu juu kama hina ya juzi, ndani mweupe, tayari kwa mchwa. Dawa ya kweli husukumwa kwa mashine hadi iingie ndani ya mti, haipakwi kwa brashi. Tena dawa yenye shaba hula msumari usio na zinki upesi kuliko kawaida, kwa hiyo hata aliyenunua ubao mzuri akabana kwenye misumari amejichimbia shimo. Na ile mbili kwa nne ukiipima kwa futi unakuta si mbili wala si nne.

Fundi alipewa mzigo huo akaambiwa, paua. Alilalamika? Mmoja alilalamika, mwenye nyumba akamjibu kwamba anataka kuongezewa pesa. Kisha paa likibonyea, lawama haiendi kwa aliyenunua, inakwenda kwa aliyepigilia, na kutoka kwake inakwenda kwa mafundi wote wa Makunduchi. Aliyejenga vibaya akitoka mjini tunasema fulani alitutapeli. Akiwa wa kijijini tunasema mafundi wa kule hawajui.

Nadhani chimbuko la tabia hii ni la zamani. Enzi za Mzee Karume tuliletewa majumba ya ghorofa ya mtindo wa Ujerumani Mashariki, yakasimama katikati ya mawe na minazi kama meli zilizopotea njia. Wengi wamelala humo na wameshukuru. Lakini nahisi tulijifunza pamoja nayo kwamba jengo la maana huja na wataalamu wa mbali, wenye ramani, ambao huondoka. Na sherehe ya Mwaka Kogwa nayo haitusaidii. Kila Julai wageni wanapanda gari kuja kutazama kibanda cha makuti kikisimamishwa na kutiwa moto, wanarudi mjini na picha hiyo tu ya ujenzi wetu. Anayetumia kibanda kile kupimia ufundi wa Makunduchi amesahau kwamba kinajengwa ili kiungue.

Wapo pia wanaosema habari ya mbao imepitwa, tuweke kenchi za chuma. Sina ugomvi na chuma penye chumba kipana au ukumbi wa harusi. Ila chuma chembamba kikikatwa na kuchomelewa karibu na bahari, kutu huanzia pale pale palipochomelewa, na mwenye mashine ya kulehemu yuko mbali kuliko mwenye nyundo. La kuchekesha ni kwamba wakati sisi tunaikimbia mbao, wenye pesa wanaikimbilia. Mwaka 2022 ulitangazwa mpango wa kujenga Fumba jumba liitwalo Burj Zanzibar, ghorofa 28, mita 96, sehemu kubwa ikiwa ya mbao za kiwandani. Watu walewale wanaosema kazi ya mbao ni ya kizamani waliusambaza mchoro wake kwa fahari.

Yako mambo ya kukubali, na nitayakubali. Fundi wetu huchelewa. Anachukua arbuni za watu watatu, anawazungusha, ukimtafuta yuko Jambiani kwenye banda la hoteli. Wengi wao hawachori, hesabu iko kichwani, na kichwa kikiumwa kazi imesimama. Ghorofa sitampa peke yake, wala nisingempa mtu yeyote asiye na mchoro wa mhandisi mkononi. Na vipande vya mbao hupungua, hilo tusifichane.

Lakini angalia kila dosari hapo ni ya namna gani. Karibu zote zinatibika kwa namna unavyomwajiri, na hakuna hata moja inayotibika kwa kumleta mtu wa mjini, ambaye naye huchukua arbuni tatu. Tatizo ni kwamba tunamwajiri jirani kwa mazoea. Tunampa pesa yote au hatumpi kitu, hatuandiki, tunaona haya kuhesabu mbao mbele yake, kisha tunanung'unika nyuma yake. Mzee aliyelitengeneza upya paa la mama nilimlipa kwa hatua nne: kenchi zikiwa chini na zimekaguliwa, kenchi zikiwa juu na zimefungwa, papi zikikamilika, bati likikamilika. Tuliandika kwenye karatasi ya daftari, shahidi akiwa shemeji yake mwenyewe. Nilimchukua twende naye kununua mbao, tukapanda daladala ya 310 alfajiri. Dukani alinitia aibu. Aliinua kila ubao, akafumba jicho moja akautazama kwa urefu wake, akakataa karibu nusu. Mwenye duka alinuna. Mzee akaniambia tu, "Huyu hatalala chini yake."

Tuliporudi alizianika siku kadhaa kivulini, zimepishanishwa kwa vijiti ili hewa ipite, akagombana na mjukuu aliyetaka kuzikalia. Kila ubao wa mteremko aliulaza mgongo wake juu, kwa sababu bati likiushusha unanyooka, na ukiulaza kinyume unazidi kubonyea. Kenchi alizifunga kwenye ukuta kwa waya uliopita chini ya linta, alitoboa ukuta ili aupitishe, mama akalalamika kuhusu vumbi. Kazi nzima ilichukua siku kumi na moja pamoja na mbili alizopotea kwa msiba. Kwa hesabu ya wepesi alishindwa vibaya na wale wanne wa gari.

Makunduchi ina kituo cha mafunzo ya amali. Vijana wanatoka pale wakijua kusoma mchoro, kitu ambacho mzee hajui, na hawajawahi kuliona paa likifungwa kwa ajili ya kusi, kitu ambacho mzee anakijua. Dawa ni kuwaweka juu ya ukuta mmoja. Hilo haliwezekani iwapo kila nyumba inayojengwa kusini inapauliwa na watu wanaorudi mjini jioni. Kijana ataona nini zaidi ya kwenda mjini naye, akawe fundi wa mbali wa kijiji cha watu wengine?

Basi wewe ambaye kuta zako zimefika linta, kabla hujapiga simu mjini, nenda kwanza kamtazame mtu wa karibu. Mwombe akuonyeshe paa alilolifanya miaka kumi iliyopita, si la mwaka jana, na upande darini ulione. Akikataa, mwache. Akikubali, andikianeni.

La mama limepita masika mawili sasa. Mwezi uliopita msumari mmoja wa bati ulilegea, tone likaanguka karibu na kitanda. Mama hakunipigia mimi. Fundi alikuja baada ya sala ya Alasiri, kwa baiskeli, nyundo ikining'inia kwenye usukani.